Mguu unaouma na mguu ulionyamaza

Neno letu "mguu" linaanzia nyongani na kuishia kwenye ncha za vidole. Ndiyo maana mtu akiingia kwa daktari na kusema "mguu unaniuma", daktari bado hajaambiwa kitu. Atauliza: wapi hasa? Mgonjwa atapitisha mkono kuanzia gotini kushuka chini, kama anayepangusa vumbi, na kujibu: "Hapa hapa pote."

Maneno ya kumsaidia daktari tunayo, ila tumeyaacha yakalala. Kuna kigimbi, ile nyama ya nyuma chini ya goti, na muundi, mfupa wa mbele yake. Kuna kifundo na kisigino. Kuna unyayo, sehemu yote inayokanyaga, ambao ndani yake imepangwa mifupa 26 na viungo 33. Kwa kuwa nyayo ni mbili, robo ya mifupa yote 206 ya mwili wako iko chini ya vifundo vya miguu. Mahali penye vipande vingi hivyo, "hapa pote" haisaidii. Maumivu ya unyayo yana mahali pake na yana saa yake, na ukivitaja viwili hivyo mara nyingi umeshautaja ugonjwa.

Chukua maumivu ya kisigino. Mtu anaamka asubuhi, anashusha mguu, na hatua ya kwanza inamchoma kama amekanyaga msumari. Anajikongoja hadi chooni kwa kushika ukuta. Akifika sebuleni maumivu yamelegea, na kufikia saa nne ameshasahau. Jioni anakaa kwenye daladala saa nzima ya foleni, anasimama ashuke, na msumari uko pale pale. Kwa maelezo hayo tu, daktari mzoefu anajua anachotafuta kabla hajamgusa.

Chini ya unyayo kuna utando mgumu mfano wa mkanda, unaotoka kwenye mfupa wa kisigino na kutawanyika kuelekea vidoleni. Ndio unaoushikilia upinde wa unyayo usilale chini. Ukichoshwa, kwa kusimama kutwa, kwa uzito ulioongezeka, kwa viatu vilivyokwisha soli au kwa mazoezi ya ghafla, sehemu yake ya kisiginoni inaumia. Usiku unapolala unyayo unaelekea chini na utando unajikunja. Hatua ya kwanza ya asubuhi inauvuta kwa mkupuo, na ule mchomo ni huo mvuto.

Wengi huenda kupigwa eksirei, wakaonyeshwa kamfupa kalikochomoza kisiginoni kama mwiba, wakarudi nyumbani wakiamini mwiba ndio unaowachoma. Huyo mwiba anasingiziwa sana. Wapo watu kibao wenye mwiba wasiojua maumivu ya kisigino yakoje, na wapo wanaougulia kila asubuhi ambao picha zao hazina mwiba wowote.

Tiba yake ni ya bei rahisi na ya polepole, na nadhani ndiyo sababu haipendwi. Kabla ya kushuka kitandani, kaa, pandisha mguu unaouma juu ya goti la mwenzake, shika vidole vyote uvivute kuelekea kwenye muundi hadi uhisi mkanda umekaza chini ya unyayo. Ukiupapasa kwa dole gumba la mkono mwingine utausikia, umesimama kama kamba ya gitaa. Hesabu hadi 10, achia, rudia mara 10. Kisha simama, kanyaga. Mchana sukuma ukuta, mguu unaouma ukiwa nyuma, goti limenyooka, kisigino hakiinuki, mpaka kigimbi kivutike. Jioni viringisha unyayo juu ya chupa ya maji iliyogandishwa. Fanya hivyo kila siku, kwa miezi. Walio wengi hupona ndani ya mwaka bila kisu. Sindano ya steroidi ipo na inatuliza kwa wiki kadhaa, lakini ikirudiwarudiwa inaweza kuudhoofisha utando wenyewe hadi ukakatika, na kulikondesha lile tonge la mafuta linalokinga kisigino.

Hapa nina neno na nyumba zetu za siku hizi. Tunavua viatu mlangoni, kama tulivyofunzwa, halafu tunatembea peku kutwa nzima juu ya vigae vigumu kama jiwe. Mababu walitembea peku juu ya udongo na mchanga. Mwenye kisigino kibovu na awe na kandambili za ndani peke yake, zenye soli nene, si zile zilizokanyagwa mpaka zikabaki kama karatasi na kuonyesha ramani ya vidole.

Kuteguka nako kuna hadithi yake. Mimi niliteguka nikishuka kwenye daladala ambayo dereva aliona haina haja ya kusimama. Unyayo ulipinduka kwa ndani, nikasikia kitu kimeachia upande wa nje wa kifundo. Kabla ya magharibi alishaletwa mzee mmoja wa mtaani anayesifika kwa kukanda. Akapasha mafuta, akachua, akavuta, nikapiga kelele hadi watoto wakaja kuchungulia dirishani. "Vumilia, mwanangu, damu mbaya inatawanyika," aliniambia. Kuhusu kutawanyika alisema kweli: usiku ule kifundo kilikuwa kama boga, na weusi ulishuka mpaka vidoleni.

Kilichotokea ni hiki. Unyayo ukipinduka kwa ndani, kano za upande wa nje wa kifundo hunyooka kupita kiasi au kuchanika, na vimishipa vidogo vya damu hupasuka nazo. Joto na kusugua katika siku mbili tatu za mwanzo huongeza kuvuja. Mzee yule hakuwa mwongo. Kazi yake ingenifaa wiki mbili baadaye, kiungo kilipokuwa kimekakamaa na kinahitaji kulegezwa. Siku ya kwanza kifundo hutaka barafu iliyofungwa kitambaani, dakika 15 hadi 20 kwa mkupuo, bandeji ya kuvutika isiyobana mpaka vidole vikafa ganzi, na mguu uinuliwe juu ya mito.

Swali kubwa zaidi siku hiyo ni kama mfupa umevunjika. Mwaka 1992 madaktari wa Ottawa, Kanada, wakiongozwa na Ian Stiell, walichapisha kanuni fupi za kuamua nani apigwe picha, na hadi leo zinatumika katika vyumba vya dharura sehemu nyingi duniani. Jambo la kwanza ni hatua nne: je, uliweza kutembea hatua nne, hata kwa kuchechemea, pale ulipoumia, na je, unaweza sasa? La pili ni kidole: bonyeza ukingo wa nyuma wa zile nundu mbili za kifundo mpaka kwenye ncha zake, bonyeza ule uvimbe wa mfupa ulio katikati ya ukingo wa nje wa unyayo, kisha mfupa wa upande wa ndani juu ya upinde. Ukishindwa hatua nne mara zote mbili, au mfupa wenyewe ukiuma kwa kubonyezwa, nenda kapigwe picha. Kanuni hii haimfai mlevi, wala mtu aliyepoteza hisia miguuni, kwa sababu inategemea mtu anayeweza kusema "hapo!" kwa uaminifu. Huyo wa pili nitamrudia.

Ule uvimbe wa ukingo wa nje usiudharau. Ni shina la mfupa unaobeba kidole cha mwisho, na huvunjika kwa mpinduko ule ule unaotegua kifundo. Robert Jones, bingwa wa mifupa wa Liverpool, aliumia hapo akicheza dansi. Alidhani kano imekatika. Picha ikaonyesha mfupa umevunjika, naye akaandika habari hiyo mwaka 1902, na mvunjiko wa sehemu hiyo unaitwa kwa jina lake mpaka leo. Kama bingwa wa mifupa alikosea kuusoma mguu wake mwenyewe, jirani yako mwenye chupa ya mafuta anaweza kukosea pia.

Uvimbe ukipungua, usiufanye mguu yai. Anza kutembea mapema, kidogo kidogo, kisha ufundishe tena kusimama. Simama kwa mguu mmoja ukipiga mswaki. Kano iliyochanika hupoteza ule ujanja wa kujua iko wapi, na asiyeurudisha ndiye anayeteguka tena na tena kwenye shimo lile lile.

Maumivu mengine nitayapitia haraka. Kidole gumba kikiamka usiku wa manane, chekundu, kimevimba, kinawaka kiasi kwamba hata uzito wa shuka hakiuvumilii, hiyo mara nyingi ni gauti, ambayo kamusi zetu zinaiita jongo. Tindikali ya yuriki imezidi mwilini na kuganda kama chembe za chumvi ndani ya kiungo. Nyama choma na bia huichochea, lakini kurithi na figo navyo vimo, kwa hiyo usimhukumu mgonjwa kwa sahani yake. Kipimo cha damu kikitoka sawa siku ya shambulio usidhani umepona, maana kiwango kinaweza kushuka wakati kiungo kinawaka.

Kidole hicho hicho kikiuma pembeni ya kucha, na nyama imevimba na kutoa maji, tazama namna unavyokata. Kucha ya mguu hukatwa sambamba na ncha ya kidole, wala haichimbwi pembeni. Ukichimba unaacha kipande chenye ncha kama mkuki, kinachokua kuelekea nyamani. Na maumivu ya juu ya unyayo yanayokuja baada ya mtu kuanza kukimbia au kupigishwa kwata kwa ghafla yanaweza kuwa ufa mwembamba wa mfupa. Daktari wa jeshi la Prussia, Breithaupt, aliwaandika askari wenye miguu ya namna hiyo mwaka 1855, kabla ya eksirei kugunduliwa. Hata leo picha ya wiki ya kwanza inaweza isionyeshe kitu.

Muwasho na ngozi nyeupe iliyolowa kati ya vidole viwili vya mwisho ni fangasi. Krimu ya klotrimazo au tabinafini hutibu, mradi usiiache siku ile tu muwasho unapokoma, na mradi ukaushe. Wanaotia udhu mara tano kwa siku wana bahati na mtihani kwa pamoja: wanaiona miguu yao mara tano, na wanailowesha mara tano. Kitambaa kidogo cha kufutia katikati ya vidole kinamaliza mtihani huo.

Magaga yanachekwa bure. Ngozi ya kisigino ni nene na haina tezi za mafuta, na ukivaa makubazi au kandambili zilizo wazi nyuma, tonge la mafuta la kisigino linapanuka pembeni kwa kila hatua. Ngozi kavu haipanuki, hivyo inapasuka. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu dakika 10, sugua kwa jiwe taratibu, paka krimu yenye urea, au vaselini kama ndiyo iliyopo, kisha lala na soksi. Wembe weka mbali. Na wale vijana wanaopita mitaani na beseni na kikapu cha rangi za kucha, kazi yao nzuri, lakini kifaa kilichotoka kwenye kucha za jirani huja na fangasi wa jirani, na kikimwaga damu huweza kubeba hata homa ya ini. Nunua vyako, mpe avitumie.

Kuhusu viatu nitasema moja tu, la mitumba. Kiatu kilichovaliwa miaka mitatu kimeshafinyangwa na mwendo wa mtu mwingine. Kigeuze, tazama soli: ikiwa imelika upande mmoja, kirudishe, hata kama jina lake kubwa. Kisha fanya hivi. Jioni, miguu ikiwa imeshavimba kidogo kama inavyovimba kila jioni, kanyaga karatasi, chora unyayo ulio mkubwa zaidi, ukate. Nenda na karatasi hiyo sokoni, uiingize ndani ya kiatu. Ikijikunja pembeni, mguu wako nao utajikunja. Muuzaji atakucheka. Mwache acheke.

Yote hayo ni miguu inayolalamika. Sasa nije kwa ule ulionyamaza, ambao ndio ulionifanya niandike.

Mamkubwa wangu ana sukari kwa miaka mingi. Siku moja alikuwa anatoka jikoni kwenda sebuleni, na kwa kila hatua ikasikika sauti ndogo kwenye vigae: tik, tik, tik. Mjukuu wake akamwambia, "Bibi, kiatu chako kinalia." Mamkubwa akatazama chini. Hakuwa amevaa kiatu. Kwenye unyayo, chini ya shina la kidole gumba, ilikuwa imekita pini fupi ya kubandikia matangazo ubaoni, kofia yake imeshasuguliwa ikang'aa. Haikujulikana iliingia lini. Hakusikia chochote.

Sukari ikikaa juu kwa miaka, huharibu mishipa ya fahamu, na huanza na ile mirefu kuliko yote, yaani inayokwenda vidoleni. Ganzi hupanda kama mtu anavyovaa soksi. Wengine kabla ya ganzi husikia moto usiku, au kama wanatembea juu ya pamba. Mishipa ya damu nayo husinyaa, kwa hiyo kidonda kikiingia hakiletewi chakula. Hata jasho hukauka, ngozi ikapasuka, na kila ufa ukawa mlango. Kinachoishia kuwa donda ndugu na kukatwa mguu mara nyingi kilianza kama lengelenge la kiatu kipya, au sugu iliyoachwa ikawa nene mpaka ikauponda mwili ulio chini yake.

Tunasema panya huuma na kupuliza. Kwa mwenye sukari panya hana haja ya kupuliza. Mwaka 2005 Dkt. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam na wenzake waliandika katika jarida la kitabibu kuhusu wagonjwa wa kisukari hapa Tanzania waliong'atwa nyayo na panya wakiwa usingizini. Waliozoea hadithi za hospitali za ng'ambo huenda walishangaa. Lakini miongo kadhaa nyuma, daktari wa upasuaji Paul Brand, huko Vellore, kusini mwa India, alikuwa na wagonjwa wa ukoma walioamka wamepungukiwa kipande cha kidole. Watu walidhani ukoma wenyewe unakula viungo. Walipokesha kuangalia, wakamwona panya. Brand akaagiza wagonjwa wapewe paka. Alichojifunza ndicho kinachofundishwa leo katika kliniki za kisukari: maumivu ni mlinzi, na akishaondoka, macho na mikono lazima vichukue zamu yake.

Zamu hiyo ni ya kila jioni. Weka kioo kidogo sakafuni, pitisha unyayo juu yake, tazama. Asiyeona vizuri atazamiwe na mtu mwingine. Kung'uta kiatu kabla ya kuvaa, ingiza mkono ndani. Maji ya kuoshea pima kwa kiwiko, kamwe si kwa mguu: wapo waliojiunguza kwa beseni la maji ya moto na chumvi waliloandaliwa kwa upendo kabisa, na wapo mahujaji waliobabuka nyayo kwa kutembea peku juu ya sakafu iliyochomwa na jua. Kandambili yenye mkanda kati ya vidole hukata ngozi bila taarifa, heri kiatu kilichofunika vidole na chenye nafasi. Paka mafuta, lakini usipake katikati ya vidole. Sugu iache mikononi mwa muuguzi. Na unyayo wa mwenye sukari ukivimba, ukawa mwekundu na wa moto huku hauumi sana, usiitwe kuteguka. Mifupa inaweza kuwa inasagika ndani, na kila hatua inaongeza. Asikanyage, apelekwe siku hiyo hiyo.

Wataalamu wa nyayo pekee ni wachache kwetu, lakini mwanzoni mwa miaka ya 2000 mpango wa kufundisha madaktari pamoja na wauguzi kuhudumia miguu ya wenye kisukari, ulioitwa Step by Step, ulianzia Tanzania na India. Kwa hiyo pengine muuguzi wa kliniki yako ya sukari anajua kuliko unavyodhani. Vua viatu ukifika hapo, hata kama hujaambiwa.

Kipimo cha nyumbani kipo pia, na hakina gharama. Kilitoka hospitali ya Ipswich, Uingereza, mwaka 2011. Mwenye sukari alale, afumbe macho. Wewe gusa kwa ncha ya kidole chako, mguso mwepesi kama wa nzi, sekunde moja au mbili, usisukume wala usirudie: ncha ya kidole gumba, ya kidole cha kati, ya kidole cha mwisho, miguu yote miwili. Ni miguso sita. Kila akihisi aseme kulia au kushoto. Akikosa miwili au zaidi, hisia zimeshapungua na aende kliniki.

Tulimfanyia Mamkubwa Jumapili moja baada ya chakula. Mjukuu aligusa, mimi nikahesabu. "Kulia." "Kulia, mjukuu wangu." Kisha kimya kirefu. "Mbona hamwanzi upande wa kushoto?" akauliza, macho bado ameyafumba. Mtoto alikuwa ameshamaliza miguso yote sita.

Jumatatu tukampeleka kliniki. Wiki hiyo hiyo tukaleta na paka. Mpaka leo Mamkubwa anaamini tulimleta kwa ajili ya mchele.